RPL: Venye Ujuzi wa Mtaa Unaweza Kukupatia Cheti na Kukupunguzia Yuniti Chuoni

Nairobi iko na mafundi wa stima ambao wamewasha nusu ya mtaa na hawana leseni hata moja. Msee anapiga waya kwa ploti ya floor tano, soketi zote ziko fiti, taa zinawaka bila shida. Halafu landlord akitaka mita ya Kenya Power, inabidi atafutwe mtu mwingine mwenye leseni ya EPRA aje aweke sahihi kwa karatasi. Huyo wa sahihi anazunguka nyumba kidogo, anasaini, anaenda na doo yake. Yule aliyekula vumbi ya ukuta wiki nzima anabaki na pesa ya kibarua.

Na si stima tu. Kuna mekanika wa Kirinyaga Road anayeskiza tu injini na kukuambia shida iko wapi. Kuna wazee wa Kamukunji wanaokata bati na kutoa sanduku bila kuchora chochote. Kuna dame wa salon ambaye ameshafunza wasichana wengi hadi wengine wamefungua zao. Wote wakienda kutafuta mboka kwa kampuni wanaulizwa kitu moja: makaratasi iko wapi?

RPL ndiyo njia ya kujibu hilo swali bila kurudi darasani kuanza mwanzo. Kwa lugha ya kawaida, ni kupimwa na kupewa cheti kwa ujuzi ambao tayari uko nao, iwe uliupata kwa gereji, jikoni kwa hoteli, kwa mjengo, Saudia, ama kwa mzee wako. Watanzania wanaiita urasimishaji wa ujuzi, na VETA yao imekuwa kwa hii maneno kitambo. Kenya tulichelewa kiasi lakini sasa mlango uko wazi, na wasee wengi bado hawajachanuka.

Sheria inasema nini

Mwaka wa 2014 Bunge lilipitisha sheria iliyozaa KNQA, ile mamlaka ya kitaifa ya kupanga vyeti. KNQA iko na ngazi ya leveli 10, na kila cheti cha Kenya kinafaa kukaa mahali kwa hiyo ngazi. KCSE iko leveli 2. Diploma ni leveli 6, digrii ya kwanza ni 7, masters 9, na PhD iko juu kabisa kwa 10. Hapo katikati, leveli 3 hadi 5, ndio kuna vyeti vya ufundi, na hapo ndipo watu wengi wa RPL huingilia.

Idea ya hiyo ngazi ni kwamba haijalishi ulipandia wapi. Ukiwa na kitu cha leveli 5, uko leveli 5, hata kama mwenzako alikaa chuo na wewe ulikaa kwa gereji. Sera ya kitaifa ya RPL ilizinduliwa mwaka wa 2024, na tangu hapo KNQA imekuwa ikipitisha vituo vya kupima watu: polytechnic, taasisi za ufundi na mashirika mengine yanayotoa vyeti.

Kwa nini serikali ijisumbue? Cheki ripoti za uchumi za KNBS za kila mwaka: zaidi ya asilimia 80 ya kazi za hii nchi ziko jua kali. Hiyo ni kumaanisha wafanyakazi wengi wa Kenya walijifunzia kazi kwa kazi, na kwa vitabu vya serikali wanaonekana ni kama hawajui kitu.

Miaka haihesabiwi, kazi ndiyo inahesabiwa

Hapa ndio watu wengi hukosea. Msee anaenda akiwa na kifua mbele: mimi niko na miaka kumi na mbili kwa mjengo, nipeni cheti. Haiendi hivo. RPL si zawadi ya kuvumilia. Unaweza kuwa umepiga plasta miaka kumi na mbili na bado hujui kusoma mchoro wa nyumba, na cheti unachotaka kinasema lazima ujue kusoma mchoro.

Kila kazi iko na kipimo chake kimeandikwa. Kabla ulipe shilingi, itisha hicho kipimo, kaa chini, upitie moja moja: hii najua, hii najua, hii sijawahi kushika. Ukikuta vitu viwili vitatu hujui, tafuta mtu akuonyeshe kabla ya siku ya mtihani. Kituo kizuri kitakupa mtu wa kukuelekeza kwa hiyo hatua, ju ni sehemu ya mpango wenyewe. Kituo kinachokuambia "we lipa tu, mengine tutajipanga" ni cha kukimbia.

Baada ya hapo unaandika maombi, unakusanya ushahidi, unapimwa kwa vitendo na kwa maswali, watu wengine wanahakikisha kama ulipimwa vizuri, halafu ndio cheti kinatoka. Ukiona umeonewa, uko na haki ya kukata rufaa.

Faili ya ushahidi

Hii faili ndiyo inatesa watu wa mtaa, ju hakuna mtu alituambia tuweke kumbukumbu. Kazi ikiisha unalipwa, unaenda. Lakini ukitaka kupimwa kesho, anza kukusanya leo.

Picha za kazi zako ni mwanzo, lakini picha ya geti tupu haisemi ni nani aliichomelea. Piga kabla, katikati na ukimaliza, na uwe unaonekana ukifanya. Video fupi ya dakika mbili ukieleza unachofanya ina nguvu kuliko picha hamsini. Barua za wateja na mabosi zisaidie kujibu maswali matatu: ulifanya nini, lini, na ilitokea aje. Barua inayosema "huyu ni kijana mwema na mchapakazi" ni ya kanisa, si ya RPL. Kama uko kwa chama cha jua kali, mwenyekiti anaweza kukuandikia. Chifu pia anaweza kuthibitisha kwamba hiyo kibanda yako imekuwa hapo.

Risiti za vifaa ulivyonunua na ankara ulizoandika zinasaidia. Hata taarifa ya M-Pesa, ile unaitisha rasmi kwa app ama kwa *334#, inaweza kuonyesha mteja fulani alikulipa mwezi fulani na inaenda sambamba na ile barua yake. Screenshot za simu hazina uzito sawa, mtu yeyote anaweza kuzipika.

Kama uliwahi kufanya kozi ya wiki moja mahali, ama mafunzo ya kampuni ya rangi, ama yale ya Homecare watu hufanya kabla ya kwenda Gulf, weka cheti chake ndani. Haitoshi peke yake lakini inajaza picha.

Trade test ya NITA

Kabla hata RPL ipewe hilo jina, Kenya ilikuwa na njia moja ya kupima mafundi kwa mtihani tu: trade test ya serikali. Wazee bado wanaiita "Grade". NITA, ambayo zamani ilikuwa DIT, ndiyo inaisimamia, na ofisi kuu iko Commercial Street, Industrial Area. Iko na vituo vyake pia Kisumu, Mombasa na Athi River, na mitihani hufanyika kwa taasisi nyingi kote nchini.

Madaraja ni matatu, na yanahesabiwa kwa kurudi nyuma: unaanza Grade III, unapanda II, unamaliza na I. Fundi umeme, bomba, uashi, useremala, ushonaji, mekanika, nywele, wote wako na trade test yao. Hakuna mtu anakuuliza ulikaa kwa darasa gani kabla ya kukupa nyundo.

Lakini kuna kitu inaangusha mafundi wazuri kabisa, na si mkono. Ni lugha na sababu. Fundi wa stima anajua waya ya taa ni 1.5 na ya soketi ni 2.5. Mtahini anamuuliza: kwa nini? Hapo kimya inaingia. Anajua ni hivo ju aliyemfunza alisema ni hivo. Jibu, kwamba soketi inabeba mzigo mkubwa zaidi na waya nyembamba itapata moto, analijua kwa mikono, hajawahi tu kulisema. Fundi wa kuchomelea anaitisha rodi ya geji 12 kwa hardware kila siku, na kwa karatasi ya mtihani anakuta imeandikwa milimita 2.5. Ni rodi ile ile. Kwa hivyo wiki za mwisho kabla ya mtihani usizitumie kufanya kazi unayoijua tayari. Zitumie kujifunza majina ya vifaa kwa Kiingereza, kusoma mchoro, na kujibu "kwa nini" kwa mdomo. Tafuta kijana yeyote aliyetoka polytechnic mpige stori za kazi. Yeye atakupa majina, wewe utampa mkono.

Kitu ingine: usalama unapimwa. Wasee wa mtaa tunachomelea na miwani ya jua, kwa singlet, na slippers. Ukifanya hivo mbele ya mtahini, hata mshono wako uwe mrembo namna gani, umejichoma. Vaa apron, glavu na viatu vigumu, na uzime stima kabla ya kugusa.

Faida ya hii cheti iko karibu sana. NCA inasajili mafundi wa ujenzi, na site kubwa zinaitisha hiyo kadi. EPRA nayo inaangalia makaratasi yako kabla ya kukupa leseni ya stima, na leseni ndiyo inakupa sahihi ile tuliongelea hapo juu.

Kutoka cheti hadi yuniti za chuo

Sasa tuseme cheti umepata. Je, chuo kitakuambia ruka mwaka wa kwanza?

Kwa vyuo vya ufundi vinavyotumia mtaala wa CBET, hii inawezekana kwa sababu kozi imekatwa vipande. Kila kipande ni ujuzi mmoja unaopimwa peke yake. Hakuna kufeli na E. Ama umeiva ama bado hujaiva, na ukiambiwa bado, unarudia hicho kipande pekee. Vipande ulivyoiva tayari unaweza kutambuliwa na ukasomea vilivyobaki. Cheti chenyewe kinatoka kwa TVET CDACC ama shirika lingine lililopitishwa.

Utashangaa ni vipande gani vitabaki. Mekanika atapita injini, breki na gearbox bila jasho, halafu akwame kwa mawasiliano, hesabu na kompyuta. Hizo yuniti za kimsingi hazina magrisi na ndizo huchukua muda. Usizichukulie poa.

Ngazi yenyewe inapanda hivi: kwa kawaida diploma inataka KCSE ya C- na craft inataka D, lakini aliyemaliza leveli ya chini anaruhusiwa kuingia inayofuata kwa kazi hiyo hiyo. Msee wa D anaweza kutoka leveli 5 hadi 6. Akishapata diploma, mlango wa digrii unafunguka, ju vyuo vikuu vinapokea C+ ya KCSE ama diploma, na mara nyingi mwenye diploma ya kozi inayofanana anasamehewa yuniti kadhaa na kuanzia mbele.

Chuo kikuu ndio kuna ugumu. Hapo seneti ya chuo ndiyo ina neno la mwisho kuhusu yuniti gani inakubalika, na kanuni za CUE zinaweka kikomo cha kiasi unachoweza kuhamisha kutoka kwingine. Lazima usome sehemu kubwa ya kozi kwa chuo kitakachokupa digrii. Kwa hivyo mtu akikuahidi digrii nzima kwa uzoefu wa kazi bila kuingia darasani, anakuuzia hewa.

Kabla ya kujiunga, andikia ofisi ya usajili ukiuliza yuniti ngapi utasamehewa, zipi kwa majina, na ada yake. Itisha jibu kwa barua ama email. Neno la mdomo la msee wa marketing halitakusaidia ukifika mwaka wa pili na kuambiwa hiyo yuniti haipo kwa faili yako.

Mitihani inayokata safari

Kwa watu wa hesabu na ofisi, kuna njia ingine: KASNEB. CPA ni mitihani unayojisajilia, unasoma, unakaa. Ukishaipata, vyuo vingi vinavyofunza BCom vitakusamehe yuniti za uhasibu. Na inafanya kazi pande zote mbili: mwenye digrii ya biashara anaweza kuomba KASNEB imsamehe baadhi ya karatasi za CPA, na analipia huo msamaha. Fanya hesabu mapema ni upande upi unaanza nao, ju kuna watu hulipia somo moja mara mbili bila kujua.

Majirani wako na mitindo yao. Makerere iko na mtihani wa watu wazima ambao hawakupitia njia ya kawaida ya form six. Ukiupita unaomba digrii. Tanzania, TCU iko na mtihani wake wa RPL wa kuingia chuo kikuu. Hizo zinakupa mlango, si yuniti. Tofautisha hayo mawili, ju matangazo huyachanganya makusudi.

Na kama uko na cousin Marekani ama wewe mwenyewe unapanga kuenda, jua kuhusu CLEP. Ni mitihani 34 inayoendeshwa na College Board tangu 1967. Mingi inachukua dakika 90, alama zinatoka 20 hadi 80, na 50 ndiyo inayopendekezwa kwa kupewa krediti. Digrii ya huko kwa kawaida ni krediti 120, kwa hivyo mtihani mmoja wa krediti 3 unakuondolea somo zima la semester kwa pesa kidogo sana ukilinganisha na ada. Lakini huko pia kila college ina orodha yake: hii inakubali, ile inakataa, nyingine inataka alama ya juu zaidi. Angalia orodha ya college yako kabla ya kulipia mtihani.

Wale waliotoka campo katikati

Hii sehemu naiandika na roho, ju niko kwa hiyo mbogi. Nilitoka chuo mwaka wa pili, na si mimi pekee. Base yetu tuko kama wanne.

Yuniti ulizopita hazikufa. Ziko kwa transkripti, na transkripti ni mali ya kuombea msamaha wa yuniti kwa chuo kingine, hata kama ni kushuka kutoka digrii hadi diploma. Shida ni kuipata. Kama uliacha fee balance, vyuo vingi vinashikilia karatasi hadi umalize deni. Yangu ilishikiliwa, na nikazungushwa kati ya fedha, idara na usajili kama mpira wa makaratasi. Kilichosaidia ni kuandika barua ya kuomba kulipa pole pole, na kila ofisi ipige muhuri kwa kopi yangu.

Usikae sana. Vyuo hubadilisha mtaala, na vingine havikubali yuniti zilizokaa miaka mingi, hasa za teknolojia. Beba pia maelezo ya kila yuniti, ile karatasi inayoonyesha mlisoma mada gani. Chuo kipya hakijali jina la somo, kinalinganisha yaliyomo. Na yuniti uliyopata D ya kubahatisha, usitarajie ihamishwe; wengi wanataka C kwenda juu.

Mahali ngazi inakatika

Kuna kazi ambazo hii njia ya kupanda pole pole haikufikishi, na heri ujue sasa. TSC inataka mwalimu wa sekondari awe na C+ ya KCSE, na C+ kwa yale masomo mawili anayofunza. Unaweza kupanda kutoka craft hadi diploma hadi digrii ya ualimu na bado wakakurudisha kwa ile result slip ya form four. Mabaraza ya afya nayo yanaangalia sana gredi za KCSE. KNQA inasema leveli ni leveli, bodi za taaluma zinasema sisi tuko na sheria zetu, na wewe ndiye unabaki katikati. Kabla ya kuchagua kozi, piga simu kwa bodi ya hiyo kazi, si kwa chuo.

Matapeli

Mahali watu wanatafuta makaratasi, River Road haiko mbali. Kuna watu kwa Facebook na Telegram wanauza "RPL ya haraka", unatuma ID na pesa, cheti kinakuja kwa rider. Mwaka wa 2024, ukaguzi wa vyeti vya wafanyakazi wa umma ulitoa zaidi ya 2,000 ghushi. EACC imekuwa ikipeleka hao watu kortini, na wengine wameamriwa warudishe mshahara wote waliokula. RPL ya kweli lazima upimwe na mtu anayekuona ukifanya kazi.

Kituo chochote ukitilie shaka hadi uone jina lake kwa orodha ya KNQA. Malipo ya huduma za serikali yanaenda kupitia eCitizen, paybill 222222. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu, hapana. Weka risiti. Na siku ya kujaza fomu, andika jina lako vile liko kwa kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama mtaani unajulikana kama Kevo na ID inasema kitu kingine, hata barua za wateja wako ziandikwe na jina la ID, ju cheti chenye jina tofauti kitakurudisha kwa foleni ya marekebisho, na hiyo foleni haina haraka.